Mke wa mwalimu wa misheni mkoani Mara alikuwa mkulima kwanza

Ndugu mleta mada, umesema bibi yako aliolewa na mwalimu wa shule ya misheni ya Wamennonite upande wa Bumangi, na karatasi zote mlizokuta nyumbani zinamtaja babu tu. Unauliza yeye alikuwa anafanya nini. Mchangiaji mmoja hapo juu kajibu kwamba wake za walimu enzi hizo walikaa wakila mshahara huku wenzao wakilima. Hilo siwezi kulipita kimya. Mama yangu alikuwa mke wa mwalimu kwenye vituo hivyo hivyo, na jembe hakuliweka chini mpaka magoti yalipomkatalia.

Kwa wasiojua, Wamennonite wa Mara ni Wakristo wa Kiprotestanti, si wale wa magari ya farasi mnaowaona kwenye picha. Wamisionari walitoka Lancaster, Pennsylvania, wakaanzia Shirati mwaka 1934, baadaye vikaja vituo vya Bukiroba, Mugango, Bumangi na Nyabasi. Kanisa na shule vilikwenda pamoja. Baba alifundisha siku za wiki na Jumapili mara nyingi akaongoza ibada, kwa hiyo kila mgeni wa kanisa alifikia kwetu. Mgeni akitokea saa nane mchana, ni mama aliyejua unga umebaki kiasi gani.

Na unga huo haukutoka kwenye mshahara. Mshahara ulikuwa wa ada, nguo, na ndugu wa baba waliokuja kusomea kwetu. Chakula kilitoka shambani: mtama, viazi vitamu, na zaidi ya vyote muhogo, ambao mama aliuvundika na kuuanika juu ya mawe mpaka ukawa udaga, yaani muhogo mkavu wa kusaga unga.

Kilichomtesa ni uhamisho. Mwalimu akihamishwa anabeba cheti chake na kwenda kuanza kazi ile ile. Mkewe anaacha mihogo ardhini, na mihogo inataka mwaka au zaidi kukomaa. Anafika ugenini ambako hana ardhi ya ukoo, anaazima kipande, na kwa kawaida anapewa kile kilichochoka. Akikitia samadi mpaka kikarudi kuzaa, mwenye ardhi anakikumbuka na kukitaka. Mama alijifunza kusafiri na vipingili vya mihogo vimefungwa ndani ya gunia bichi. Kwenye lori gunia hilo lilipata nafasi kabla ya viti, na njiani alikuwa akilinyunyizia maji. Tulipofika alikuwa anauliza shamba kabla hajaiona nyumba.

Zamani angalau kanisa lilikuhamisha kutoka kituo chake kwenda kituo chake kingine, ukawakuta akina mama wa kanisa. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 shule za misheni zilichukuliwa na serikali, na mwalimu akawa wa kupelekwa popote. Halafu likaja Azimio la Musoma la chama tawala TANU la mwaka 1974 na elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977. Naliunga mkono mpaka leo, watoto wengi waliingia darasani kwa ajili yake. Ila nyumbani kwetu maana yake ilikuwa kwamba baba, aliyezoea kushika jembe jioni, sasa anafundisha asubuhi na mchana, na palizi yote ikabaki kwa mama na sisi.

Usisahau upande wa imani, maana kwa wanawake wale haukuwa wa Jumapili tu. Kabla ya Meza ya Bwana watu walitakiwa kupatana, kisha wanatawadhana miguu, wanawake upande wao. Kuna mama aliyegombana na mama yangu kwa ajili ya mpaka wa shamba la kuazima, msimu mzima hawasalimiani. Siku hiyo nilimwona mama amepiga magoti mbele ya beseni, ameushika mguu wa yule mama wenye nyufa za kisigino, anauosha taratibu na kuufuta vizuri. Wiki iliyofuata walipalilia pamoja. Mpaka wenyewe ulibaki pale pale alipotaka yule jirani.

Sasa kuhusu karatasi. Pamba ndiyo iliyoingiza fedha. Mama aliipanda mvua zilipoanza, akaichuma kiangazi, usiku anakaa mkekani na taa ya chemli akitenganisha safi na fifi, yaani pamba ya daraja la chini, kwa sababu ukichanganya unalipwa bei ya fifi. Lakini kadi ya chama cha msingi, ushirika ulionunua pamba, ilikuwa na jina la baba, hivyo kilo zake zote ziliandikwa kwa baba. Pensheni nayo ni ya baba. Ukitafuta maisha ya mama kwenye makaratasi utadhani hakuwepo. Nadhani kwa bibi yako ni vivyo hivyo.

Kwa hiyo kama bado yupo, usianze kumuuliza habari za shule, atakujibu za babu. Muulize mashamba. Ardhi ya Bumangi aliazima kwa nani, aliacha nini ardhini walipohama, mbegu ya muhogo aliitoa wapi, pamba aliuzia chama gani. Na uwe na daftari kubwa.