Siku tulipoacha kusema "baba amesafiri"

Juma lililopita mliuliza ni kipindi gani cha televisheni kilichomsaidia msomaji kuivuka huzuni au kuijua vyema nafsi yake. Baada ya kumzika kaka yangu nilitazama kwa miezi kadhaa vipindi vya wahamasishaji, nikaambiwa kila asubuhi nijikaze na nisitazame nyuma, wala havikunifaa. Kilichonifaa ni sehemu moja ya kipindi cha watoto cha Marekani, Sesame Street, iliyorushwa zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Kaka yangu aliacha mtoto wa kiume wa miaka mitano, ambaye sasa ninamlea hapa Tanga. Siku ya msiba sisi watu wazima tulikubaliana, kama inavyofanyika katika nyumba nyingi, kumwambia kwamba baba yake amesafiri. Tulidhani tunamhurumia. Ikawa kila jioni anakwenda kukaa barazani kumsubiri, hamruhusu mtu akalie kiti cha baba yake, na kila simu inapoita anauliza kama ni baba. Polepole niligundua kwamba tulikuwa tumemnyima mtoto msiba wake na kumpa kinyongo badala yake, kwa kuwa baba aliyeondoka bila kuaga, na asiyepiga simu hata siku ya Idi, machoni pa mtoto ni baba aliyemtupa.

Sesame Street ilianza mwaka 1969, na tangu mwanzo Will Lee aliigiza kama Mr. Hooper, mzee mwenye duka la mtaani. Desemba 1982 mwigizaji huyo alifariki dunia. Watayarishaji wangeweza kumweka mwigizaji mwingine, au kusema kwamba mzee amestaafu na kuhamia mbali, ambako ndiko kungekuwa "kusafiri" kwao. Badala yake waliwaendea wataalamu wa saikolojia ya watoto, kisha wakaamua kutamka wazi kwamba amekufa. Hawakusema amelala, maana mtoto anaweza kuanza kuogopa usingizi, wala hawakusema aliugua, asije mtoto akadhani kila homa inaua. Kipindi kilirushwa tarehe 24 Novemba 1983, siku ya Sikukuu ya Shukrani, ili wazazi wawe nyumbani pamoja na watoto wao. Uangalifu huo wa kuchagua neno na hata siku ndio ninaouheshimu kuliko yote.

Katika sehemu yenyewe, Big Bird, yule ndege mkubwa wa manjano mwenye akili ya mtoto mdogo, anawagawia majirani picha alizowachora, na inabaki moja ya Mr. Hooper. Anasema atampa akirudi. Watu wazima wanatazamana, kisha wanamweleza kwamba mzee hatarudi, kwa kuwa mtu akifa harudi. Ndege anauliza ni nani sasa atakayemtengenezea kinywaji chake cha mbegu na kumsimulia hadithi, naye anajibiwa jambo moja baada ya jingine. Anapolalamika kwamba mambo hayatakuwa kama zamani, hakuna anayembishia. Wanakubali kwamba hayatakuwa. Na anapodai sababu, mmoja wao anajaribu kuitafuta, anaikosa, anamwambia tu kwamba ndivyo ilivyo. Waigizaji walikuwa wamempoteza mwenzao wa kweli, na machozi yao hayakuwa ya kuigiza.

Niliikuta sehemu hiyo kwenye intaneti usiku mmoja nikiwa peke yangu, nikalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, maana hata mimi nilikuwa sijamsikia mtu akikiri mbele yangu kwamba kitu kimevunjika na hakitaungika. Sisemi kwamba televisheni inaweza kushika nafasi ya mshauri nasaha. Mtoto anayeacha kula au kusema apelekwe kwa mtaalamu. Ninachosema ni kwamba kipindi hicho kilinipa maneno ambayo sikuwa nayo, nami sikuyapata kwa wale walioniambia nijikaze.

Ijumaa iliyofuata nilimpakata mtoto, tukatazama pamoja, nikimfasiria sentensi kwa sentensi. Ilipokwisha nikamwambia kwamba baba hakusafiri, bali amekufa, na kwamba tulikosea kumwambia vile. Akaniuliza, "Shangazi, hata kwa basi la usiku hatakuja?" Nikamjibu kwamba hatakuja. Alilia sana, nami sikumkataza. Baadaye akaniuliza ni nani atakayemkata kucha, kwa kuwa kila Ijumaa kazi hiyo ilikuwa ya baba yake. Nikamwambia ni mimi, nikaenda kuchukua wembe, tukakaa barazani, yeye kwenye kile kiti na mimi mkekani, nikaanza na kidole gumba.