Lapi iwake yenyewe stima ikirudi

SWALI: Habari ya kazi fundi. Niko na duka la dawa za mifugo hapa Kondele, Kisumu, na nyuma ya kaunta nimeweka lapi ya ex-UK, Dell Latitude, inarekodi kamera. Sasa stima ikipotea usiku betri inaisha lapi inazima, stima inarudi alfajiri lakini lapi haiwaki hadi nije nifungue duka nibonyeze batani. Masaa hayo yote hakuna rekodi. Kuna namna iwake yenyewe?

JIBU: Iko ndugu yangu, na una bahati ni Latitude. Zima lapi, iwashe, ukiona tu nembo ya Dell gonga F2 mfululizo mpaka BIOS (menyu ya setingi za lapi yenyewe, kabla Windows haijafunguka) ifunguke. Ingia Power Management (kwa zingine imeandikwa Power tu), kuna kitu kinaitwa Wake on AC (yaani iwake chaja ikipata stima), weka tiki, sevu, toka. Wenye ThinkPad ni F1, halafu Config, Power, mtafute Power On with AC Attach. HP za ofisi ni F10, na nyingi ziko nayo pia. Lapi nyingi za bei ya chini hazina hiyo setingi, na usikubali mtu akuuzie programu ya kufanya hiyo kazi, lapi ikiwa imezima hata Windows yenyewe haiko, programu itaamshwa na nani?

Mahali watu wengi hukwama ni hapa: betri ikikaribia kuisha, Windows inafanya nini? Fungua Control Panel, Power Options, setingi za ndani (Change advanced power settings), upande wa Battery uweke Critical battery action iwe Shut down ama Hibernate, ndio lapi ijifunge vizuri yenyewe na faili za rekodi zisiharibike.

Halafu kuna paswadi. Lapi ikiwaka ikasimama kwa paswadi, programu ya kamera haifunguki, na utakuwa umefanya kazi bure. Kwa duka mimi ningefungua akaunti ya kamera pekee, inayoingia bila paswadi, na humo usiweke imeli yako wala hesabu za duka, maana mwizi akibeba hiyo lapi amebeba kila kitu. Programu yenyewe uiweke kwa Startup: bonyeza Windows na R, andika shell:startup, udondoshe shotikati yake humo.

Na kwa vile hiyo lapi inakaa kwa chaja mchana na usiku, ukiwa bado BIOS tafuta setingi ya kuchaji betri uchague Primarily AC Use, betri isije ikafura.

Ukimaliza jaribu mchana: zima kabisa, chomoa chaja, ngoja kidogo, chomeka. Kama umeipitisha kwa frijigadi (kile kifaa cha kukinga vyombo stima ikiyumba) usishtuke ikichelewa dakika kadhaa, hiyo inangoja stima itulie kwanza.