Muulize Mama wa Maabara: Baridi ya Mufindi na katriji zinazogoma

SWALI: Kamwene mama, na shikamoo. Mimi ni fundi sanifu maabara kwenye kituo cha afya huku Mufindi, mwaka wa pili kazini. Tuna mashine ya GeneXpert ya kupimia kifua kikuu, ya moduli nne, yaani ina nafasi nne za kupimia. Tangu Juni katriji, yaani vile vikasha tunavyowekea sampuli, zinanigomea. Wiki iliyopita nimepata ERROR mara nne, tatu ni 5007 na moja 2008, halafu INVALID moja. Bosi anasema nachezea mali ya serikali. Nachanganya makohozi na dawa ya kuyeyushia, moja kwa mbili, natikisa, nasubiri dakika 15, naweka. Asubuhi baridi ni kali mpaka mlinzi ametuletea jiko la mkaa, tunaliweka chini ya meza. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza litoe hilo jiko, na ulitoe leo. Hiyo dawa unayomimina ina kostiki soda, ile ile wanayopikia sabuni, pamoja na isopropanoli, ambayo ni jamii ya spiriti. Inashika moto. Wewe unaifungua juu ya makaa! Na chumba ukikifunga kwa sababu ya baridi, moshi usioonekana wa mkaa utawalaza wote kabla bosi hajafika kugomba. Omba hita ya umeme, iwekwe mbali na meza ya kuchanganyia, iwashwe saa moja kabla ya kazi.

Sasa tuje kwenye katriji. Umeandika "natikisa, nasubiri" kwa maneno mawili tu, na mimi naona shida yako imejificha humo humo.

Ukishamimina dawa, funga kifuniko mpaka kikaze, kisha tikisa kwa nguvu mara 10 hadi 20. Weka mezani. Kati ya dakika ya 5 na ya 10 kirudie tena kikopo, utikise vilevile mara 10 hadi 20. Wengi wanaiacha hiyo ya pili kwa sababu muda huo wanaandika rejista. Halafu kuna joto: maelekezo ya kiwanda yanataka zile dakika 15 zipite kwenye nyuzi 20 hadi 30, na mashine yenyewe inataka chumba kisichopungua nyuzi 15. Maabara niliyoanzia kazi hapa Mbeya, asubuhi ya Julai kipimajoto cha ukutani kilikuwa kinasoma 12, nasi tunapiga makofi kupasha vidole. Mufindi sidhani kama mko nafuu. Dawa ile ile, dakika zile zile, lakini kazi inafanyika nusu. Ununue kipimajoto cha ukutani kabla hujajitetea kwa bosi.

Halafu usiiamini saa peke yake, tazama kikopo. Kiinamishe taratibu kwenye mwanga wa dirisha. Makohozi yaliyoiva yanateleza kama maji ya mchele, hayana kamasi inayovutika wala bonge linalobaki ukutani. Ukivuta kwa pipeti kisha ukaiachia tone, tone lidondoke. Likining'inia kama uzi wa mlenda, bado. Tikisa, usubiri tena kidogo.

Ukimpa mashine mlenda, yeye hana la kufanya. Ndani ya katriji mna vyumba vidogo vimezunguka bomba la katikati lenye pistoni, kama la sindano, na chini kuna vali inayozunguka kuchagua chumba. Pistoni inavuta sampuli yako, inaisukuma kwenye kichujio, vijidudu vinabaki hapo vinaoshwa, kisha mawimbi ya sauti yanavipasua. Kilichotoka kinachanganywa na vitendanishi, yaani kemikali za kipimo, vilivyokaushwa vikawa vishanga, ndipo kinasukumwa kwenye kile kibomba bapa cha nyuma kupashwa na kupozwa. Huko ndani mchanganyo unakwenda kwa mikrolita na sekunde, hakuna mkono wa mtu. Mlenda ukiziba njia, shinikizo linapanda, na hiyo ndiyo 2008 yako. Namba 5007 ni mashine inakagua kibomba kabla ya kuanza inakuta mambo hayajakaa sawa: mara nyingi kimiminika ni kizito, ni pungufu, au kina mapovu.

Kuhusu mapovu nina kesi yangu. Mwaka 2013 nilikuwa na haraka, foleni imefika mlangoni, nikawa nabana pipeti kama napuliza filimbi. Povu jeupe likajaa juu ya tundu la katriji, nikalifunika nikasema litakaa. ERROR. Sampuli ilikuwa ya bibi mmoja kutoka Ileje aliyelala kituoni kusubiri gari. Akakohoa tena, ikatoka mate tu. Nilimwona akipanda basi bila jibu, na katriji wakati ule ilikuwa dola 9.98 kwa nchi zetu (mwaka 2023 ilishushwa hadi 7.97). Dola sikuziwaza. Nilimwaza bibi. Kwa hiyo vuta hadi mstari wa mililita 2, ncha iingie ndani ya tundu, achia polepole. Katriji yenye sampuli usiitikise tena wala kuipindua, na kile kibomba cha nyuma usikiguse kwa kidole.

Nina wasiwasi mmoja zaidi ambao hukuuliza. Chupa ya dawa ina mililita 8, yaani inatosha makohozi mililita 4. Nimeona vijana wakipata makohozi mililita moja wanamwaga chupa nzima "iyeyuke vizuri". Hapo huenda ERROR usiipate, ukapata jibu safi kabisa la kutoonekana vijidudu, kwa mtu ambaye anavyo. Mimi naogopa jibu hilo kuliko ERROR zako zote nne. Moja kwa mbili ni kwa makohozi mabichi. Mashapo yaliyozungushwa kwenye sentrifuji yana hesabu yake, mililita 0.5 ya mashapo kwa 1.5 ya dawa, usizichanganye hesabu hizo.

Katriji zikitoka kwenye friji ziache kwanza zirudi kwenye joto la chumba, kabla hujafungua. Na sampuli ikirudiwa inakwenda kwenye katriji mpya; iliyogoma haifufuliwi.

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi mchimbaji mdogo Chunya. Nilipeleka makohozi, baada ya siku mbili nikapigiwa simu mashine imesema INVALID, nirudi. Wenzangu mgodini wanasema hilo ndilo jina jipya la TB sugu. Nimeanza kujitenga na watoto. Ni kweli?

JIBU: Nzuri kaka. Siyo kweli, hata kidogo. Maana yake mashine imeshindwa kusema lolote. Kila katriji imewekewa ndani vijidudu vya udongo, havina madhara, kazi yake ni ushahidi: mashine isipoona vya kwako wala hivyo vya kwake, inajua mchanganyo haukwenda, inakataa kutoa jibu. Mimi naipenda kwa huo uungwana. TB inayokataa rifampisini, moja ya dawa kuu za kuitibu, inaandikwa kwa maneno yake yenyewe, na ungeitwa kwa haraka kuliko hivyo.

Rudi, tena usikawie, maana vumbi la mgodi na kifua kikuu ni majirani wa siku nyingi. Asubuhi kabla ya chai suuza mdomo kwa maji, vuta pumzi ndefu mara mbili, kohoa kutoka chini kabisa, nje ya nyumba penye upepo. Mate hayatusaidii. Kipimo na dawa katika vituo vya serikali ni bure. Kwa watoto, mpaka jibu litoke, fungua madirisha na uzibe mdomo unapokohoa. Na mwambie aliyekupigia simu akueleze lini atakuwepo, ili kikopo kisikae dirishani siku mbili nyingine.