Maswali na Majibu: Nyimbo za Watoto na Ukuaji wa Lugha Nyumbani

Kati ya maswali ambayo wazazi na walezi wametuletea kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano, nimechagua sita yanayogusa nyimbo za watoto, yaani zile za kubembeleza, za kupiga makofi na za kuchezea uwanjani, pamoja na nafasi yake katika kumfunza mtoto kuzungumza. Machache yanajibika kwa maneno machache. Mengine yanahitaji tutulie.

Mwanangu ana miezi minne. Mama mkwe ananihimiza nimwimbie kila ninapomwogesha, nami sioni maana yake kwa kuwa haelewi neno hata moja. Je, kuna faida yoyote? (Mama, Tabora)

Faida ipo, na mama mkwe amekushauri vyema. Mtoto huanza kusikia angali tumboni, na katika miezi ya mwisho ya ujauzito sauti anayoisikia zaidi ni ya mama yake. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, walionyesha kwamba watoto wachanga wenye umri usiozidi siku tatu walibadilisha namna ya kunyonya chuchu bandia ili wapate kusikia sauti ya mama zao badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Mtoto wako wa miezi minne basi si mgeni wa sauti yako. Hafuati maana, anafuata mahali sauti inapopanda, inaposhuka na inapokatika, na wimbo wa polepole wenye maneno yanayojirudia humwonyesha mambo hayo waziwazi kuliko mazungumzo ya watu wazima, ambayo hupita mbio.

Nakuomba uongeze jambo moja. Mwimbie mkiwa mmetazamana, na kila mwisho wa mstari unyamaze kidogo umtazame. Akitoa sauti yoyote, iwe ni mguno au kicheko, mjibu kana kwamba amesema neno, kisha uendelee. Hapo ndipo anapoanza kujifunza kwamba watu wawili huzungumza kwa zamu.

Binti yetu ana miaka miwili. Anajua nyimbo nyingi za katuni za kwenye simu, zikiwemo za Kiingereza, na huhesabu mpaka kumi, lakini akitaka maji huvuta nguo ya mama yake na kulia. Tatizo ni nini? (Baba, Mwanza)

Nyimbo zenyewe hazina ubaya. Kinachokosekana ni mtu wa kumjibu. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walichapisha utafiti wa watoto wa Kimarekani wa miezi tisa waliosikilizishwa Kichina cha Mandarin kwa vikao 12. Baadhi yao walicheza na kusomewa na Mchina aliyeketi nao chumbani, na wengine walipata maneno ya namna hiyohiyo kupitia video au sauti iliyorekodiwa. Waliokaa na mtu waliweza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliotazama video au kusikiliza rekodi hawakuwa na tofauti na watoto ambao hawakuwahi kusikia Kichina kabisa.

Kwa mfano huo unaweza kuelewa yanayomfika binti yenu. Simu haisimami anapoitazama, haimuulizi kitu, wala haijui kwamba ana kiu. Anaweza kuushika wimbo mzima kama sauti moja ndefu isiyokatika, bila kulitoa neno moja humo na kulitumia kuombea kitu. Hata kuhesabu mpaka kumi kunaweza kuwa hivyo; mwambie akupe viazi viwili kutoka kwenye kapu, nawe utajua kama anaijua "mbili" au anaifuata tu baada ya "moja".

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halipendekezi kabisa mtoto wa chini ya miaka miwili kuketishwa mbele ya skrini, na kwa wa miaka miwili hadi minne linashauri isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Saa hiyo moja mkiitumia, keti naye mwimbe pamoja, kisha simu iwekwe kando na wimbo uendelee bila picha. Chagueni nyimbo zinazoendana na matendo. "Simama kaa" ni mwalimu mzuri wa vitenzi, kwa sababu mwili wa mtoto unafanya kile ambacho mdomo unakitamka. Baadaye, akikaribia umri wa shule ya awali, mchezeni "Nyama nyama nyama", ambapo kiongozi hutaja mnyama na wenzake huitikia kama analiwa: huko mtoto halazimiki kuimba tu, bali kusikiliza, kupima na kuamua kabla ya kujibu.

Kuhusu maji, tungeni mstari wenu wenyewe wa jikoni, hata wa maneno manne, na neno la mwisho liwe "maji". Uimbeni kila mnapommiminia, na baada ya siku kadhaa mwishieni kabla ya neno hilo, mkiwa mmeshika kikombe. Mpeni nafasi. Akisema "ma" tu, mpeni mara moja na mseme, "Maji! Haya, maji yako." Sikubaliani na wanaomnyima mtoto kitu mpaka atamke sawasawa, mtoto mwenye kiu aliyekasirika hajifunzi neno, anajifunza kulia kwa nguvu zaidi.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Wajukuu wangu huimba "mabata madogo madogo yanaogelea", ilhali sarufi inataka "wadogo wanaogelea". Je, tuusahihishe wimbo? (Bibi, Tanga)

Shikamoo, mwalimu. Hoja yako ni ya kweli, kwani katika Kiswahili sanifu viumbe hai huchukua upatanisho wa a- na wa-, hata jina likianza na ma-. Hata hivyo ningeuacha wimbo kama ulivyo. Mtoto hajengi sarufi yake kwa wimbo mmoja, bali kwa maelfu ya sentensi anazosikia kutwa, na akikusikia ukisema "bata wale wanakunywa maji" atajua lipi la kuimba na lipi la kusema.

Swali lako linafungua mlango wa jambo ninalolipenda mno katika lugha yetu. Upatanisho wa ngeli, ambao wanafunzi wa kigeni huuona mzigo, kwa mtoto ni mwangwi: sauti ya mwanzo wa jina inarudi kwenye kivumishi, kisha inarudi tena kwenye kitenzi. Mabadiliko hayo yanaimbika. Tumia basi muziki wa wimbo huohuo uwatungie wajukuu beti mpya: "vikombe vidogo vidogo vinaoshwa", "mikono midogo midogo inapiga makofi", "paka wadogo wadogo wananyonya". Chukua vitu vilivyo mbele yao, ili wavione na kuvigusa wanapoimba. Mmoja akisema "vikombe yanaoshwa", usimkatize. Itikia tu, "Ndiyo, vikombe vinaoshwa," nanyi mwendelee. Watoto wa miaka miwili mitatu wanaangusha viambishi mara kwa mara, na husahihika zaidi kwa kusikia umbo sahihi katika mazungumzo kuliko kwa kukemewa.

Mama yangu huwaimbia wanangu Kinyakyusa, mimi nasema nao Kiswahili, na shuleni watakutana na Kiingereza. Naogopa watachanganyikiwa. Nimwombe mama aache? (Mama, Rungwe)

Tafadhali usimwombe. Watoto wengi sana duniani hukua na lugha mbili au tatu, na hali hiyo haiwasababishii ugonjwa wa lugha. Mtoto wako atachanganya maneno kwa muda, akiweka neno la bibi ndani ya sentensi ya Kiswahili, lakini kufanya hivyo ni kutumia hazina yote aliyonayo, na atazitenga lugha hizo kadiri anavyojua nani humwelewa kwa ipi. Ukitaka kupima wingi wa maneno yake, hesabu ya lugha zote kwa pamoja. Tena bibi aimbe katika lugha anayoimiliki kikamilifu, yenye nyimbo alizolelewa nazo na hadithi zake, maana akilazimishwa lugha nyingine atawaambia wajukuu machache tu.

Je, ni kweli kwamba nyimbo humsaidia mtoto kusoma baadaye, au ni maneno ya watu tu? (Mama, Nakuru)

Upo ushahidi. Peter Bryant na wenzake waliwafuatilia watoto 64 nchini Uingereza, wakachapisha matokeo mwaka 1989: waliojua nyimbo nyingi za watoto walipokuwa na miaka mitatu walizitambua vizuri zaidi sauti ndani ya maneno, na walisoma vizuri zaidi walipofika miaka sita, hata tofauti za uwezo wa akili na hali ya familia zilipozingatiwa. Utafiti huo ulikuwa wa Kiingereza, lakini kwetu njia iko wazi zaidi, kwa kuwa Kiswahili husomwa silabi kwa silabi. Pigeni makofi pamoja: m-to-to ni makofi matatu, m-bwa ni mawili. Katika "Ukuti ukuti", mchezo wa sauti wa "watete watete watetemeka" unalikata neno refu vipande kabla ya kulitoa zima, na mtoto anayelifurahia hilo uwanjani hatashangaa atakapokutana na vipande hivyo ubaoni.

Kijana wetu ana miaka miwili na nusu na hasemi neno hata moja. Wengine wanasema wavulana huchelewa, wengine wanasema akatwe udata chini ya ulimi. Tuendelee tu kumwimbia? (Wazazi, Dodoma)

Endeleeni kumwimbia, lakini mpelekeni hospitali bila kungoja zaidi. Wavulana kwa wastani huchelewa kidogo kuliko wasichana, ila tofauti hiyo ni ndogo mno kueleza ukimya wa miaka miwili na nusu. Mtoto asiyetoa sauti za kubwabwaja akitimiza mwaka mmoja, asiye na neno lolote kwa miezi 18, asiyeunganisha maneno mawili kwa miaka miwili, au aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo katika umri wowote, anastahili kuangaliwa na mtaalamu.

Jambo la kwanza kuchunguzwa ni masikio. Semeni na mhudumu wa kliniki ya watoto, ombeni rufaa ya kupimwa usikivu, na msisahau kutaja kama masikio yamewahi kutoa usaha. Msikubali mtu wa mtaani amkate udata wala kimeo. Kufanya hivyo kunaweza kumtoa damu nyingi na kumletea maambukizi, na mtoto asiyesikia hatasema kwa kukatwa ulimi. Kabla ya kwenda, andikeni sauti zote anazotoa, ishara anazotumia kuomba vitu na kama hugeuka anapoimbiwa kutoka nyuma. Mrekodini pia kwa simu akicheza nyumbani, kwa sababu watoto wengi hunyamaza mbele ya daktari, naye atahitaji kuona jinsi alivyo akiwa kwenu.