Je, mawazo yanakausha ute wa tumbo?

Swali: Daktari, kila nikibanwa na mawazo tumbo huniwaka, hasa usiku. Nimeambiwa ubongo wangu umezima ute unaolinda tumbo, nikauziwa unga wa kuurudisha. Mgongo ukiniuma nameza diklofenaki. Niendelee na unga?

Jibu: Acha unga. Na hiyo diklofenaki usiiguse tena mpaka uonane na daktari.

Ni kweli kwamba ubongo una mkono katika ute huo. Neva ya vagasi, itokayo ubongoni, hupeleka tumboni amri ya kumwaga tindikali, na pia amri ya kutoa ute na bikaboneti, kemikali inayozimua tindikali, vya kujikinga nayo. Ndiyo maana pH, kipimo cha tindikali ambacho kadiri kilivyo chini ndivyo ilivyo kali, katikati ya tumbo inaweza kuwa 1 au 2, ilhali chini ya ute, zilipo seli, inakaribia 7. Tezi za Brunner, zinazotoa ute mwanzoni mwa utumbo mwembamba, nazo huitii neva hiyo. Mwaka 2024 watafiti walionyesha kwamba panya wakiwa na msongo, amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, huacha kuzichochea tezi hizo kama kawaida, na bakteria wenye manufaa utumboni hupungua. Huo ni utafiti mzuri, ila ni wa panya, na haukuhusu unga wowote.

Kinachonikera ni wanaochukua ukweli huu na kumwambia mgonjwa, "Vidonda vyako ni mawazo tu." Barry Marshall na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba bakteria, Helicobacter pylori, ndiye chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo. Hata leo watu wanarudishwa nyumbani na ushauri wa kupunguza mawazo, hawajapimwa chochote. Msongo unaweza kuyazidisha maumivu yako. Hauwezi kuwa sababu ya kutokupima.

Tena katika maelezo yako mharibifu wa ute anaonekana waziwazi. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huzuia prostaglandini, kemikali zinazoziamuru seli za tumbo kutoa ute na bikaboneti. Usidanganywe kwamba ukishakula haidhuru, au kwamba sindano ni salama kwa kuwa haipiti tumboni. Dawa hufika kwenye seli hizo kwa njia ya damu.

Ute hutengenezwa na seli zako mwenyewe, na seli hizo hujifanya upya ndani ya siku chache zikiacha kushambuliwa. Hakuna unga unaoumezwa ukageuka ute wako. Ukipata nafuu ya saa chache, kidonda, kama unacho, bado hakijapona.

Omba kipimo cha Helicobacter pylori, cha choo au cha pumzi. Kile cha damu kinaweza kuonyesha bakteria hata baada ya kupona, na kwa sababu yake wengi hutibiwa bila kuhitaji. Kama unatumia omeprazole, dawa ya kupunguza tindikali, daktari atakuelekeza kuiacha wiki 2 kabla ya kupima. Ikiwa umetumia antibiotiki, subiri wiki 4. Ukikutwa na bakteria, maliza dozi yote, kwa kawaida siku 14, kisha upimwe tena.

Na kwa yeyote anayesoma hapa akiwa na kopo la unga mkononi: choo cheusi kama lami, kutapika damu, kupungua uzito bila sababu, au chakula kukwama kooni, nenda hospitali. Ukiona damu au choo cheusi, nenda leo hii.