Maswali ya Wasomaji: Uzamivu wa Biolojia Unaogusa Fani Tatu

SWALI: Mhariri, nimehitimu shahada ya kwanza ya biolojia na nimekubaliwa katika programu ya uzamivu inayounganisha biolojia, takwimu na sayansi ya kompyuta. Hisabati sijaigusa kwa miaka kadhaa. Mwalimu wangu mmoja amenionya kwamba mshika mbili moja humponyoka, na kwamba nitahitimu nikiwa si mwanabiolojia wala si mtaalamu wa kompyuta. Je, niikubali nafasi hiyo? Nikiikubali, nianzie wapi, na wasimamizi wawili niwapateje?

JIBU: Onyo la mwalimu wako si la kupuuzwa, kwa sababu wapo wanafunzi wanaoonja kila fani kwa miaka minne na kuondoka bila kuimudu hata moja. Nionavyo mimi, hatari hiyo humpata zaidi anayeingia akiwa na orodha ya fani anazozipenda kabla hajawa na swali la utafiti. Mwenye swali hulifuata mpaka mahali ambapo biolojia pekee haimfikishi, na hapo ndipo anapojua ni hisabati gani anayoihitaji na kwa kiasi gani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Salvador Luria, mwanabiolojia mzaliwa wa Italia aliyesomea udaktari, na Max Delbrück, Mjerumani aliyesomea fizikia. Mwaka 1943 walichapisha kazi iliyouliza kama bakteria hupata ukinzani dhidi ya virusi baada ya kukutana navyo, au kama ukinzani huo huzuka wenyewe kwa bahati kabla ya hapo. Luria aliotesha bakteria katika mirija mingi iliyotengana, kisha akawamwagia virusi na kuhesabu makundi ya bakteria waliosalimika. Katika jaribio moja la mirija 20, mirija 11 haikutoa hata kundi moja, mingi ya iliyobaki ilitoa machache, lakini mmoja ulitoa 64 na mwingine 107. Mtu asiyejua takwimu angeweza kudhani kwamba jaribio limeharibika. Kumbe tofauti hizo kubwa ndizo zilizokuwa jibu lenyewe, kwa kuwa kama ukinzani ungetokana na kukutana na virusi, mirija yote ingetoa hesabu zinazokaribiana. Bali badiliko la jeni likitokea mapema katika mrija mmoja, vizazi vyake huwa vimeshakuwa vingi siku virusi vinapofika. Delbrück ndiye aliyeiandalia hoja hiyo hisabati yake, na mwaka 1969 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na mwanabiolojia wa Marekani Alfred Hershey. Luria hakulazimika kuwa mwanafizikia. Ilimtosha kujua takwimu kiasi cha kutambua kwamba mtawanyiko wa namba, kuliko wastani wake, ndio uliobeba ushahidi.

Kwa hiyo anza na takwimu, na uisome kikamilifu kabla hujakusanya data yoyote, kwani makosa mengi hufanyika siku jaribio linapopangwa. Tuseme sampuli zote za wagonjwa zimepimwa Jumatatu na zote za watu wenye afya zikapimwa Jumanne. Kompyuta itakuonyesha tofauti maridadi kati ya makundi hayo mawili, nawe hutaweza kujua kama umeona ugonjwa au umeona siku, na hakuna programu ya kompyuta itakayokutenganishia mambo hayo baadaye. Ndiyo maana namsihi hata mwanafunzi ambaye kazi yake yote iko kwenye kompyuta akae maabara miezi michache, ashike sampuli kwa mikono yake na aone zinavyoharibika. Uandishi wa programu utaufuata kadiri kazi inavyodai. Huo hujifunzwa vizuri zaidi mtu akiwa na data yake mwenyewe mbele yake.

Jiandae pia kwa mkanganyiko wa maneno. Neno vekta kwa mwanahisabati ni kitu chenye ukubwa na mwelekeo, kwa mtafiti wa malaria ni mbu, na kwa mtaalamu wa jeni ni chombo cha kupitishia jeni hadi ndani ya seli. Nimeshuhudia kikao kizima kikipotea kwa sababu hakuna aliyethubutu kuuliza mwenzake anamaanisha nini. Wewe uliza.

Kuhusu wasimamizi, programu nyingi za uzamivu, hasa za Marekani, humruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kupita katika maabara kadhaa kwa wiki chache kila moja kabla ya kuchagua. Itumie fursa hiyo kuzungumza na wanafunzi waliopo: walichukua muda gani kumaliza, na nani husoma rasimu zao. Ukishapata wasimamizi wawili, waombe mketi pamoja muandike mambo ambayo huleta ugomvi baadaye, yaani nani ana kauli ya mwisho kuhusu tasnifu, majina yatapangwaje katika makala, na ushahidi gani kila mmoja ataukubali kuwa unatosha. Usiwe wewe mjumbe wa kubeba maneno kati yao.

Nafasi hiyo ikubali ikiwa unaweza kuliandika swali lako katika sentensi mbili ambazo wasimamizi wote wawili wanazielewa na kuziafiki. Ikiwa mmoja wao hapati hata saa moja ya kuketi na mwenzake kabla hujaanza, omba abadilishwe mapema, kabla hujakusanya sampuli ya kwanza.