Mwanangu, usidanganywe na cc

Mwanangu,

Nimeusoma ujumbe wako. Unasema wewe na mkwe wangu mmeshakubaliana kununua Prado kutoka Japani, kwa vile watoto wamekuwa wanne na shangazi yenu naye husafiri nanyi, ila mmekwama kwenye injini: petroli ya cc 2700 au dizeli ya cc 2800. Dalali anakwambia tofauti ni cc mia tu, chukua iliyo rahisi. Hapo amekupotosha.

Cc ni ukubwa wa silinda, haikwambii gari linavuta vipi. Ile ya petroli, 2TR, ina nguvu za farasi 163 na mvuto wa nyutoni-mita 246, na mvuto huo huupati mpaka injini izunguke mara 3,900 kwa dakika. Ya dizeli, 1GD, kwa zile za 2015 hadi kabla ya maboresho ya 2020, ina farasi 177, lakini mvuto wake ni 450, na unaupata kwenye mizunguko 1,600 tu. Gari lenyewe tupu ni kama tani mbili.

Sasa fikiria mnavyokuja Mbeya Desemba, mko saba na keria imejaa. Kwenye mlima wa Kitonga ile ya 2700 itapanda, itanguruma na kushusha gia, lakini Ilula mtafika. Kinachonitia hofu ni malori ya Tunduma mbele ya hapo. Unatoka nyuma ya semitrela, unakanyaga mafuta, gia zinashuka, mizunguko inapanda, ndipo gari lianze kwenda. Muda wote huo uko upande wa wenzako, na wajukuu zangu wamo ndani. Dizeli inaondoka pale pale. Tena huku juu hewa ni nyepesi: injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000, na Mbeya tuko kwenye mita 1,700 hivi. Turbo inaisukumia dizeli hewa, haichoki kiasi hicho.

Ila siku nyingi za mwaka wewe ni wa Tegeta na Posta, huko Dar, kwenye foleni. Dizeli hiyo ina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na ili yaungue ekzosi lazima ipate moto wa kutosha, yaani mwendo mrefu usiokatika. Ukiwa wa foleni tu kitaziba, taa itawaka kwenye dashibodi, na fundi atakushauri akitoe. Usikubali, moshi huo watauvuta watoto wa watu. Ina pia tangi lake la urea, kimiminika cha kusafishia moshi, la kujaziwa. Petroli haina mambo hayo, na mafundi wetu wanaijua vizuri.

Kodi isikusumbue kichwa kwa upande wa cc. Zote zimevuka 2000, ushuru wa bidhaa ni asilimia 10. Kinachouma ni umri: gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, likizidi 10 ni asilimia 30. Ile injini ya V6, ya petroli ya silinda sita na cc 4000, achana nayo kabisa. Inakunywa, na Japani waliacha kuiuza kwenye Prado 2015, kwa hiyo zilizobaki zimeshazeeka.

Mimi nasema chukua dizeli, kwa sharti moja: kila baada ya wiki mbili hivi itoe mjini, hata mpaka Chalinze na kurudi, bila kusimamasimama. Kama unajua hutapata nafasi hiyo, chukua petroli kwa moyo mweupe, punguza mizigo ya keria, na lori likiwa mbele yako kwenye mlima, lifuate tu.

Mama yako anawasalimu. Usilipe kabla hujanitumia picha ya dashibodi injini ikiwa inaunguruma, nione ni taa zipi zimebaki zinawaka.

Baba yako